Sauti Chini ya Mvumo

Siku niliyoingia Machakos nilikuwa nanuka mbuzi. Nakuanzia hapo, mwanangu, kwa sababu msafiri hukumbuka safari zake kwa harufu kuliko kwa majina ya miji. Nilikuwa nimetoka kwetu Taita nikashuka Voi, nikakaa Mombasa mpaka nikaichoka, nikapanda na mto Tana hadi Garissa nikitengeneza redio za wafugaji. Garissa nikapata nafasi juu ya lori la mifugo. Mchana kutwa mbuzi walinikanyaga miguu, vumbi likanigeuza rangi. Tulipofika Kithyoko lori likakataa kuendelea, nami nikashuka nikaenda kwa miguu na kwa hisani ya watu hadi Wamunyu. Pale nilikaa na wachonga vinyago msimu mzima, wao wakinilisha, mimi nikiwatengenezea redio zilizojaa unga wa mbao. Kisha nyayo zikaanza kuniwasha tena, nikadandia lori lile lile, katikati ya mbuzi wengine, hadi Machakos. Mama yangu alizoea kusema kwamba kitovu changu kilizikwa njiani.

Sasa nimevuka arobaini. Sijawa mzee wa kupishwa kigoda, lakini kutembea kwingi ni kuona mengi, na yako mambo niliyoyaona ambayo si haki niyabebe peke yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wakubwa wa Nairobi, na mtu akipotea alikuwa amepotea kweli. Waliobaki nyumbani walikuwa na njia moja tu ya kumfikia: kupeleka tangazo lisomwe redioni jioni, kabla ya taarifa ya habari. Wewe hukuyakuta yale matangazo ya vifo. Yakianza, nyumba nzima hunyamaza na vijiko husimama hewani. Likumbuke hilo tunapoendelea.

Lile lori lilikuwa la Haji Abdi, Msomali mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na duka la shuka na sukari mjini Machakos. Alinipa benchi kwenye baraza ya duka lake, nikatandaza koleo zangu na chuma changu cha kulehemu. Aliniita Fundi, na wateja wakaniita Fundi. Jina langu la nyumbani sikulitaja. Sikulificha kwa ubaya. Niliona tu kwamba jina nalo ni mzigo, na msafiri hupunguza mizigo.

Siku moja mchana alikuja mzee mmoja mrefu kutoka Kalama, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote ijapokuwa jua lilikuwa kali. Jina lake Mzee Mulwa. Alikuwa amestaafu kazi ya kujenga barabara, na kanisani kwao alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama kando mpaka wateja wakaisha, ndipo akaniinamia.

"Fundi, uko na dawa ya mashine inaongea?"

Nilicheka nikamwambia mashine za kuongea ndizo kazi yangu, za kunyamaza ndizo wanazoniletea.

"Hii haina redio," akasema. "Redio nilitoa mwenyewe, nikapelekea ndugu yangu. Kaseti haina. Na bado inaongea."

Haji Abdi alikuwa akikunja shuka nyuma ya kaunta. Akasema bila kuinua uso, "Mimi nimechinja mbuzi tangu niko mdogo, na mbuzi akishachinjwa haongei. Hiyo mashine yako, mzee, ulichinja vibaya. Fundi, enda umalizie."

Mzee Mulwa hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyekwisha kuchekwa na wengi kabla ya kufika kwangu, nami nikaona haya, nikafunga koleo zangu tukaondoka.

Njiani akanieleza. Alikuwa na mwana mmoja, Musyoki. Stima ilipofika kwao, kwa kuwa nyaya za kwenda kwenye pampu ya maji zilipita shambani mwake, kijana huyo alijiundia amplifaya kwa mikono yake na spika mbili kubwa za mbao, akawa anakodishwa arusini. Mashine ilipiga vizuri ila ilikuwa na mvumo, ngurumo ya chini isiyokoma, hata muziki ukizimwa. Musyoki akasema ameujua ugonjwa, anakwenda Nairobi kutafuta vifaa vya kuutibu, atarudi kesho kutwa. Hiyo kesho kutwa ilikuwa bado haijafika. Mvua zilikuja na kukatika, mwaka ukageuka na mwingine ukageuka. Mama yake akaanza kusikiliza matangazo ya vifo kila jioni, hagusi chakula mpaka yaishe. Akisikia jina la Musyoki yeyote, hata wa mbali, anakaa siku kadhaa bila kula.

"Nikatoa redio," akasema Mzee Mulwa. "Niliona nitamzika mama yake akiwa hai. Jioni moja niko nje nakata nyasi ya ng'ombe, nikasikia majina yanasomwa ndani ya nyumba. Nikaingia. Yeye ameketi mbele ya ile sanduku ya kijana, imewashwa, haijaunganishwa na kitu. Wachungaji wameomba. Haijanyamaza." Akasimama katikati ya njia. "Nataka uzime yote. Mvumo na hiyo sauti. Mama Musyoki anaisha."

Nyumba yao ilikuwa ya matofali, mabati yake mekundu kwa kutu, na kando ya zizi ulisimama mti wa mukau. Mama Musyoki alitoka jikoni akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yaliyokuwa macho kweli. "Wakya, mwaitu," nikamwamkia kwa Kikamba changu cha kuokota, na tangu hapo nikawa namwita mwaitu, mama. Akaitikia, akanipa kiti. Mumewe alipokwenda kufunga ndama, akanisogelea.

"Huyo mzee amekuambia uzime. Mimi nakuambia utoe mvumo peke yake. Sauti uiache." Nikamwuliza sababu. "Mvumo inakula majina, mwanangu. Wanasoma mengi, mimi nasikia machache. Sasa kama lake lilikuwa kwa yale yameliwa? Nitajuaje kama nilie ama ningoje?"

Nikamwitikia ndiyo. Mumewe naye nilikuwa nimekwisha kumwitikia ndiyo njiani. Ujana ni ulimi mwepesi.

Jioni akaiwasha. Nataka uipate picha, mwanangu, kwa sababu sijawahi kuingia katika chumba kilichonitia baridi kama kile. Amplifaya ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, kama picha ya marehemu. Mimi mwenyewe nilipitisha vidole nyuma yake: matundu ya redio na ya kaseti yalikuwa wazi. Akabonyeza swichi. Mvumo ukaja kutoka sakafuni, nikausikia kwa meno kabla ya masikio, na vikombe kwenye kabati vikaanza kugusana. Paka alishuka dirishani akaenda zake. Kisha, chini ya ule mvumo, mtu akaanza kusema.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya mbali, kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi. Ilipanda na kuzama. Nikashika "...wa lokesheni ya..." halafu ikazama. "...mjomba wa marehemu..." ikazama. Mwaitu alikuwa ameinama, sikio karibu na spika, midomo yake ikirudia kila alichokidaka. Mzee Mulwa hakuingia. Alisimama nje ya mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ikitaja jina yako, usiitike."

Wala hakuwa na haja ya kunifundisha. Nyanya yangu huko Taita alitulea kwa amri hiyo hiyo: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, fumba mdomo. Anayeitika sauti isiyo na uso amejipeleka. Wakamba wana aimu wao, wale waliotangulia. Sisi tuna wetu. Amri ni moja.

Kulipokucha nikafungua sanduku, na mchana ukanirudishia ujasiri. Upande mmoja nilikuta waya mrefu ambao Musyoki alikuwa ameulehemu kwenye fremu ya bati ya mashine, ukatoboa dari, ukavuka ua hadi juu ya ule mukau. Ulikuwa antena yake ya zamani. Kiungo chake kilikuwa kimeliwa na kutu, na kutu ikikaa pabaya hugeuka sikio: hudaka redio yenye nguvu na kuipitisha ndani ya amplifaya bila redio yoyote. Nilifurahi kama aliyemkamata mchawi na kumkuta ni jirani. Nikamwita mwaitu, nikamweleza kwa madaha kwamba hapakuwa na mizimu, ilikuwa redio tu.

Akaniangalia kwa huruma. "Na wewe ulifikiri mimi nadhani ni nini? Aimu gani wanasoma jina ya chifu na bei ya jeneza? Mimi nimesikiliza redio kabla hujazaliwa. Anayeogopa ni huyo mzee. Mimi nataka tu isikike." Akageuka kwenda jikoni, kisha akarudi hatua moja. "Mwanangu, usiwe mwepesi kumweleza mtu kitu anakaa nacho kila siku. Muulize kwanza."

Nikaona joto masikioni. Nikarudi kwenye kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Stima ya ukutani huenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mashine haiwezi kuila hivyo ilivyo. Ndiyo sababu kila mashine ina sehemu ambayo mafundi tunaiita pawa saplai. Transfoma hupunguza nguvu ya stima, daiodi huilazimisha iende upande mmoja, na kapasita huipokea na kuitunza, kama tangi linavyopokea mvua ya mabati na kuitoa taratibu kwa bomba. Tangi likiwa dogo au limekauka, maji hutoka kwa vishindo. Vishindo hivyo ndivyo mvumo. Kapasita za Musyoki zilikuwa ndogo, zimevimba vichwani. Tena transfoma yake ilikaa ubavuni mwa njia ambayo sauti huingilia, ikawa inaipigia kelele sikioni.

Lakini nilichokiona ndani ya sanduku kilinishika mkono. Musyoki alikuwa amekwisha kujua yote hayo. Alikuwa ametoboa matundu ya kapasita kubwa mbili, akayalainisha kingo kwa tupa, akaacha nafasi. Pembeni alikuwa amekunja waya mpya tayari, mwekundu na mweusi, umesokotwa vizuri, ukingoja. Kijana huyu hakuacha kazi kwa kushindwa. Alikuwa ametoka mara moja. Nilikaa na koleo mkononi nikiitazama ile nafasi tupu, na nikahisi kwamba mtu amesimama nyuma yangu kuona kama nitaijaza sawasawa. Niligeuka. Palikuwa na kiti tu.

Kazi ilichukua siku kadhaa, na siku hizo nililala kwao. Mjini nilipata transfoma nzito kutoka kwa mashine iliyokufa, na kapasita nene kama vikombe vya uji. Nikaunda sanduku la pekee kwa bati la debe la mafuta, nikaitoa pawa saplai ndani ya amplifaya, nikaiweka mbali, sakafuni, nikaileta nguvu kwa ule waya wa Musyoki uliosokotwa. Kila jioni mwaitu aliwasha tusikie nilipofika. Nilipobadilisha kapasita, vikombe vikaacha kugusana. Nilipoiondoa transfoma, mvumo ukashuka ukawa kama nyuki mmoja chumbani. Na kadiri mvumo ulivyoshuka, ndivyo yule mtu ndani ya mtungi alivyotukaribia. Nilikuwa natengeneza njia, na kitu kilikuwa kinakuja kwa njia hiyo.

Matangazo yakiisha, mwaitu alisema neno moja, "Hayupo," kisha akapakua. Isyo, mahindi na maharagwe, kwa mzee, kwangu, kwake, na sahani moja ya bluu ambayo aliijaza, akaifunika, akaiweka mezani mahali pasipo mtu. Asubuhi chakula hicho alipewa mbwa. Mumewe aliitazama sahani ile kama anavyotazama mtu kaburi ambalo halijapata maiti.

Aliniandama, huyo mzee. Nikitoka kunawa yuko nyuma yangu. "Fundi, sauti inaongezeka. Tuliongea nini?" Nikamwonyesha kapasita moja ndogo, ndogo kama punje ya kunde, nikamwambia hiyo nikiilehemu mlangoni pa sauti, redio haitaingia tena, hata antena iwe juu ya mlima. Nitaiweka mwisho. Akaniomba nisimwambie mkewe. Nikaitia kwenye mfuko wa shati, na kila nilipoinama niliisikia kifuani, nikijua kwamba mmoja kati ya watu wawili waliokuwa wakinilisha nitamdanganya.

Jioni ya mwisho mwaitu alikaa mahali pake. Mzee Mulwa alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa mezani, chuma cha kulehemu kina moto, kapasita ndogo mfukoni, sijaamua. Nikawasha pawa saplai mpya.

Taa ndogo ikawaka. Na basi.

Nilidhani nimeiua. Hakukuwa na nyuki, hakukuwa na pumzi. Nilisikia ng'ombe akicheua zizini, nikasikia mabati yakipoa juu yetu. Kimya cha mashine iliyozimwa ni kitupu, lakini kile kilikuwa kimya kilichojaa, kama cha mtu aliyeingia chumbani na bado hajasema. Mwaitu aliweka kiganja juu ya kitambaa cha spika.

Kisha sauti ikaanza. Safi kabisa, mwanangu. Kama mtu aliyeketi chumba cha pili na mlango uko wazi. Jina likasomwa, na ndugu zake, na mahali. Mwaitu akatikisa kichwa. Jingine. Akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza hakuna lililoliwa, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo kidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo wa kuni. Mzee Mulwa aliingia. Akavua kofia. Sidhani alijua ameivua.

"Habari za huzuni zimfikie Mwadime, mwana wa Wakesho, wa Mbale, Taita, popote alipo, kwamba mama yake mzazi ameaga dunia. Anaombwa afike nyumbani kwa mazishi bila kukawia."

Yalifuata matangazo mengine, nadhani. Sikuyasikia. Ila mwishoni kabisa, baada ya kimya kifupi, ile sauti ikasema tena, polepole, "Mwadime. Popote ulipo." Nimesikiliza matangazo hayo maisha yangu yote. Jina likishasomwa limesomwa, halirudiwi. Jioni ile lilirudiwa.

Nilifumba mdomo kama nilivyolelewa. Nikatazama meza. Mwaitu alikuwa amegeuka, ananitazama mimi, si spika.

"Itika," akasema.

Nikamwambia siitwi mimi.

"Chuma inachoma meza yangu na hujaona. Itika."

Kweli, moshi ulikuwa unapanda mbele ya macho yangu. Mzee Mulwa akasema haraka, "Asiitike. Mama Musyoki, unajua hii si kitu ya kuitikia."

"Nyamaza, mzee." Hakupaza sauti. "Umekataza watu kuitika kwa hii nyumba. Siku kijana yako ataita, nani atamjibu? Na wewe, mtoto ya watu, mama yako ulimwambia unaenda wapi?"

Nikasema nilimwambia nakwenda Voi kununua waya. Narudi jioni.

Sote watatu tulikuwa tunalitazama lile sanduku la Musyoki, aliyekwenda Nairobi kununua kapasita.

"Basi alikuwa anakaa mbele ya redio kama mimi," akasema mwaitu. "Kila jioni akisema hayupo, hayupo. Amengoja mpaka ameisha. Mama akiita mtoto, mtoto anaitika. Hata kama mama yuko chini ya udongo."

Nikaitika. Nilisema, "Naam, mama." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Taa ya mashine ikafifia ikawaka tena, labda ilikuwa ile pampu ya maji ikianza kufanya kazi. Mwaitu akazima. Akapakua isyo. Ile sahani ya bluu, alipoijaza hakuifunika. Aliisukuma mbele yangu, akasema leo imepata mtu, nile nipate nguvu ya safari. Nikala chakula cha Musyoki, na sijui kama nimewahi kula chakula kizito kama hicho.

Asubuhi Mzee Mulwa alinisindikiza. Tulipofika kwenye mukau nikaona kitu kimelala kwenye nyasi. Ulikuwa ule waya wa antena, umekatwa kwa panga karibu na ukuta, uliobaki umezungushwa vizuri chini ya mti. Juu yake majani yalikuwa yamekwisha kuanguka na kuku alikuwa amepita.

Nikamtazama. Akashika ukingo wa kofia.

"Nilikata jana asubuhi," akasema. "Nilitaka ukimaliza ikose kuongea, aone ni wewe umeshindwa. Si mimi."

Tulisimama pale. Kulikuwa na jua, mtu mmoja alikuwa akilima mteremko wa pili akipiga mluzi, na nywele za mikono yangu zilikuwa zimesimama. Nimejaribu kuieleza, mwanangu, kwa miaka yote hii. Huenda nyaya za spika zenyewe zilidaka redio, mradi mvumo umeondoka. Nimejaribu kwingine, kwa mashine nyingine, na nyaya ndefu kuliko zile. Haijasema.

Nikatoa ile kapasita ndogo, nikamwuliza kama nirudi niiweke. Akavikunja vidole vyangu juu yake. "Enda nayo. Waya nitarudisha juu leo. Mama yake asikie vizuri. Na mimi nitaketi na yeye."

Mwaitu alikuwa ametangulia langoni. Alitema mate kidogo kifuani pangu, kama wazee wa kwao wanavyobariki, akasema kwa Kikamba maneno ambayo sikuyashika yote, nikashika tu lile la nyumbani, musyi. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Ukipata Musyoki njiani, mwambie mvumo imeisha."

Mjini nilimkuta Haji Abdi akifungua duka. Kabla sijamwambia lolote akaniuliza kama katika kutembea kwangu nimewahi kukutana na Mtaita anayeitwa Mwadime, kwa kuwa anatangazwa tangu juzi kwenye redio, masikini, na mama yake anazikwa. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema inna lillahi, akaingia ndani, akanitolea shuka moja jipya jeupe la kumpelekea mama, akamwita dereva wake wa lori la kwenda Voi. Benchi nikaliacha pale barazani. Machakos sikurudi tena, na hadi leo sijui kama Musyoki aliwahi kuingia lango lile.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayotaka uyashike. Ukitoka nyumbani, taja uendako. Na ukibadili njia, tuma neno. Mguu ukiwasha, nenda, sikukatazi, mimi nami nilikwenda. Lakini usimfanye mtu aliyekuzaa awe anakutafuta kati ya majina ya wafu, akishukuru kila jioni kwamba hakukusikia. Ukiitwa na wako, itika, hata kama sauti imekuja kwa mlango usioujua. Na ukiingia nyumba ya mtu ukakuta kelele, usikimbilie kuizima. Kaa kwanza, uliza anasikiliza nini chini yake. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, nami nakubali. Ila mila iliyokuzuia kumjibu mama yako, hiyo uiweke chini utembee.

Ile kapasita bado ninayo, kwenye kopo la misumari. Leo una simu mfukoni wakati wote, huna hata sababu ya kuniambia ulikosa njia. Mungu akupe miguu ya kwenda na miguu ya kurudi. Sahani yako ikutwe imefunikwa, nawe uifunue mwenyewe ingali na joto. Na siku jina lako litakapoitwa, awepo wa kulisikia, nawe uwe karibu kuitika. Mimi nilipanda lori lile na shuka jeupe mapajani, dereva amewasha redio, na njia nzima hadi Voi kila jina lililotajwa nililiitikia kimoyomoyo, naam, naam, endapo mwenyewe yuko mbali.